Entre-Deux-Mers: mvinyo mweupe unaotaka chumvi na ndimu

Huu ni mwaka wangu wa nne Bordeaux, Ufaransa, na mvinyo mweupe nilikuwa nimeshaukatia tamaa. Mara ya kwanza niliunywea kwenye mgahawa mmoja hapa mjini. Uliletwa baridi kama barafu, hauna harufu, uchachu mtupu unaokwangua ulimi. Nikarudi kwenye mvinyo mwekundu. Kilichonigeuza ni chupa ya euro 8 ya Entre-Deux-Mers, mavuno ya 2022.

Jina lake maana yake ni "kati ya bahari mbili". Bahari pale hakuna; ni nchi ya vilima iliyo katikati ya mito miwili, Garonne na Dordogne. Ila maji ya Atlantiki yakijaa, mito hiyo nayo hujaa, yakipwa nayo hupwa, hata huko ndani ambako pwani huioni kabisa. Mimi mtoto wa Tanga, kujaa na kupwa nimekua nako, bamvua naijua. Nilipoelezwa hivyo jina likaniingia moja kwa moja.

Chupa yangu ina zabibu za aina tatu. Sauvignon ndiyo inayoleta uchachu na ile harufu ya ganda la limau na majani yaliyokatwa sasa hivi. Sémillon inaupa mvinyo unene na kuulainisha. Muscadelle hutiwa kidogo, kwa ajili ya harufu ya maua. Ukinywa haraka utaisikia Sauvignon tu, kwa sababu ndiyo inayotangulia. Uache mvinyo ukae mdomoni kidogo, Sémillon inakuja nyuma yake taratibu.

Jumapili moja nilikwenda soko la Capucins kula chaza wa Arcachon, ghuba iliyo karibu na Bordeaux, sahani yenye chaza sita, na mkate wa rai uliopakwa siagi. Mama aliyekuwa akiwafungua aliingiza kisu kwenye ungio la gamba, akakizungusha mara moja, na maji ya bahari yakabaki humo ndani hayajamwagika. Akaniambia niyanywe hayo maji, nimtafune chaza, ndipo nionje mvinyo. Nikafanya hivyo. Ile chumvi ilipokutana na uchachu, uchachu ukageuka utamu wa matunda, na hapo ndipo nilipouelewa mvinyo huu. Ukiunywa peke yake, bila chakula, ni wa kawaida tu. Mezani ni kitu kingine kabisa.

Nyumbani nilianza na samaki wa kukaanga, niliyemlaza kwenye kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, na kachumbari pembeni. Ulikubali kabisa. Kamba wa nazi wakapita hata hao samaki: tui zito linauzima ule ukali, nao mvinyo unakata mafuta ya tui, hivyo kila tonge la wali linakuwa kama la kwanza. Bila ile Sémillon sidhani kama ungelihimili tui. Jibini ya mbuzi pia inafaa sana, hasa ile changa inayovunjikavunjika.

Siku ya pili nilikosea, nikatia pilipili mbuzi mbili kwenye mchuzi. Mvinyo ukaongeza moto, mdomo ukawaka, harufu yote ya matunda ikapotea. Nyama ya ng'ombe nayo usijisumbue, inaumeza mvinyo kama maji.

Kuhusu baridi, nyuzi 8 hadi 10 zinatosha. Mimi naitoa chupa kwenye friji kama robo saa kabla ya kula. Ikishafunguliwa inywe ndani ya siku mbili. Siku ya tatu yangu ilikuwa imelegea. Usiiweke miaka kabatini pia, uzuri wake ni ujana wake. Na soma lebo vizuri unaponunua mvinyo mweupe wa pande hizi, maana ng'ambo ya Garonne, kule Sauternes, zabibu hizihizi hutengenezwa mvinyo mtamu kama asali. Ni mzuri mno, lakini kwa samaki huyu wa ndimu utakuwa umepotea njia.

Kwa euro 8 nimeshanunua chupa nyingine tatu. Jumamosi hii ni kamba wa nazi tena, na pilipili safari hii inakaa kwenye kibakuli chake, anayeitaka ajichotee.