Uzoefu wangu na Taskwarrior: orodha ya kazi anayoisoma ajenti wa akili bandia

Taskwarrior nilikuwa naitumia kwa kazi zangu hata kabla ajenti wa akili bandia hawajaingia katika biro yetu hapa Lubumbashi. Ni programu ya bure ya kuorodhesha kazi, msimbo wake uko wazi, haina madirisha wala vitufe: unaandika amri kwenye terminali, inakujibu. Hapa naipima kwa upande mmoja tu: inafaa kiasi gani pale anayeisoma orodha si mtu, bali ni ajenti anayetuandikia msimbo.

Sisi tunatengeneza programu ya kufuatilia makaratasi ya malori yanayopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Malipo mengine ni ya dola, mengine ya franka, na karibu kila kazi inaisubiri nyingine. Huwezi kuandika ripoti ya ushuru kabla sehemu ya kubadilisha franka kuwa dola haijakamilika. Jambo hilo Taskwarrior inalielewa vizuri. Ukifunga kazi moja kwa nyingine kwa `depends:`, ile ya pili inazuiwa hadi ya kwanza iishe. Kisha ajenti akiomba `task +READY export` anapewa zile tu zinazoweza kuanza sasa, kwa JSON (maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome), pamoja na kiwango cha uharaka wa kila moja. Hahitaji kukisia aanzie wapi.

Lakini kilichonifanya nisiiache ni umeme. Umeme ukikatika, ruta nayo inazima, na mazungumzo na ajenti yanakatikia katikati ya kazi. Ukiwasha tena unaanza na ajenti asiyejua lolote. Orodha yenyewe iko kwenye diski ya kompyuta, haili hata mega moja. Ajenti mpya anaifungua, anakuta kazi iliyoanzishwa kwa `start` na haijafungwa, na chini yake maelezo aliyoachiwa na mwenzake kwa `annotate`: "Jedwali la viwango vya kubadilishia pesa limeshaundwa. Bado majaribio ya tarehe za mwisho wa mwezi." Anaendelea papo hapo. Zamani tulikuwa tunapoteza asubuhi nzima kumweleza upya.

Sasa niseme wazi: ukiisakinisha tu na kumwambia ajenti "itumie", itakuletea taabu. Mwongozo wake ni mzuri, ila uliandikwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mbele ya kioo. Chukua namba za kazi. Taskwarrior huzipa kazi namba fupi, 1, 2, 3, ili mtu aandike haraka. Kazi zikiisha, ukiomba orodha tena, namba hupangwa upya. Mtu anaona mabadiliko hayo kwa macho. Ajenti anashika namba aliyoiona mwanzo, na kama mwenzake amefunga kazi nyingine hapo kati, namba 4 ya sasa si ile ya dakika kumi zilizopita. Kijana tunayefanya naye kazi aliniita (yaya kwetu ni ndugu mkubwa): "Yaya, hii inasema kazi ya formu ya ushuru imeisha, lakini mimi naifungua sioni kitu." Kweli, formu ilikuwa tupu. Ajenti alikuwa amefanya kazi nyingine, tena vizuri, akafunga hii.

Dawa yake imo ndani ya programu yenyewe: kila kazi ina UUID, yaani kitambulisho kirefu kisichobadilika, na herufi nane za mwanzo zinatosha. Ila lazima mtu amwambie ajenti. Hapo ndipo nilipoandika ukurasa mmoja ndani ya AGENTS.md, faili ambalo ajenti wengi sasa hulisoma wanapoingia katika mradi. Sentensi ya kwanza ni hii: "Usitumie namba fupi kamwe. Chukua UUID kutoka kwenye export, tumia hiyo hadi mwisho."

Zinazofuata ni fupi vilevile. Usiombe `export` tupu, kwa sababu inamwaga kila kitu, hata kazi zilizokwisha na zilizofutwa, na ajenti anajaza kumbukumbu yake kwa historia ambayo tunailipia kila anapoisoma. Usifute kazi, kufuta ni kwa binadamu. Hilo lina sababu mbili: sitaki kupoteza kumbukumbu, na amri ya kufuta husimama kuuliza ndiyo au hapana, ajenti akabaki amening'inia anasubiri. Swali la aina hiyo hutokea pia ukibadilisha kazi tatu au zaidi kwa mpigo, kwa hiyo ukurasa unasema: moja moja. Na usifunge kazi kabla hujaandika kwa `annotate` ni jaribio gani limepita.

Ukurasa niliuandika kwa Kiswahili, amri nikaziacha zilivyo, na ajenti anaufuata. Faida ni kwamba yule kijana naye anausoma na kuurekebisha bila kuniita.

Kuna sentensi nyingine ambayo sikuitegemea. Toleo la 3, lililotoka 2024, liliacha kuhifadhi kazi katika mafaili ya maandishi na kuhamia SQLite, aina ya hifadhidata. Ajenti wamejifunza mambo mengi ya toleo la 2, basi wanatafuta faili la zamani, `pending.data`, ili waihariri kwa mkono, na wakiikosa wanaiunda. Nimeandika: "Faili hilo halitumiki. Pita kwenye amri tu." Mwongozo wa ajenti lazima useme na yale yaliyokufa.

Udhaifu ninaouona ni kushirikiana kati ya kompyuta mbili. Usawazishaji upo, lakini unataka seva au hifadhi ya mtandaoni, na kwa biro ndogo ni mzigo. Sisi tunatoa JSON ya kazi zilizo wazi na kuiweka jioni ndani ya Git, programu inayotunza matoleo ya mafaili ya mradi. Wa Windows watahitaji WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows.

Naipa nne kati ya tano. Kama uko peke yako au mko wawili watatu, na umeme wenu ni kama wetu, ichukue, lakini andika ukurasa wa ajenti siku hiyohiyo unayoisakinisha. Kama mko timu kubwa na kila mtu ana kompyuta yake, tafuteni kitu chenye seva tangu mwanzo.