TAHADHARI: Fundi wa "nyeusi tii" amekula hela yangu na kuondoka na rimu za mzee

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira. Kuna jamaa hapa Dar anajitangaza kuwa anageuza pikipiki za kromu kuwa nyeusi tii kwa rangi ya unga, ile inayookwa kwenye oveni. Huyo ni tapeli. Na ni mwizi, na huo wizi ndio unaoniuma zaidi.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG 125 ya mzee, marehemu baba yangu, na nilitaka irudi barabarani ikiwa na sura nyingine. Wale wa "kromu ndiyo uzuri wa pikipiki", nawaheshimu, lakini mimi naishi karibu na bahari. Kromu ni ngozi nyembamba sana juu ya nikeli, hewa ya chumvi ikipata upenyo kutu inaanzia chini kwa chini, unashtukia ekzosi imejaa vipele. Ya mzee ilishaanza. Nyeusi iliyookwa vizuri ingeikinga.

Sasa sikilizeni jinsi jamaa alivyonikamata. Hakuja na maneno ya kijiweni. Alichukua kava ya mnyororo aliyoipaka, akanipa funguo yangu mwenyewe, akasema, "Kwaruza kaka, kwaruza kwa nguvu zako zote." Nikakwaruza. Haikutoka hata alama. Akamwagia petroli, akafuta kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikabaki cheupe. Akanieleza kwamba unga unanaswa kwenye chuma kwa umeme, halafu unaokwa kwenye joto la nyuzi kama 200 mpaka unayeyuka na kushikana. Akasema kromu lazima ikwanguliwe kwanza kwa sababu rangi haishiki juu ya kitu laini namna ile, na kwamba ekzosi haipakwi rangi ya rimu, ina rangi yake ya kuhimili moto. Yote hayo ni kweli! Nimeuliza mafundi wengine baadaye, wamesema hivyo hivyo. Mtu anayeijua kazi kiasi hicho, anakuita kaka, anakuuliza habari za mama, utaanzia wapi kumtilia shaka? Yeyote kati yenu angetoa hela.

Tena akainama kwenye rimu ya nyuma, akaifuta kwa kidole gumba mpaka ule muhuri wa DID Japan, watengenezaji wa rimu, ukatokea, akasema, "Kaka, hii ya Mjapani huipati tena mjini." Nikafurahi kwamba nimepata fundi anayejua thamani ya kitu. Kumbe alikuwa anapiga bei!

Nikampa laki mbili za kuanzia. Akafungua rimu zote mbili, ekzosi, hendeli na saiti mira, akapakia kwenye bajaji, akasema oveni iko kwa mwenzake. Siku ya kuchukua pikipiki, wallahi ilikuwa nzuri. Nyeusi kuanzia taa mpaka madigadi ya nyuma. Nikamalizia laki na nusu.

Harufu ilianza njiani. Nikiwa kwenye foleni Ubungo moshi ukaanza kutoka kwenye ekzosi, dereva wa daladala ananipigia kelele kwamba naungua. Nilipompigia fundi akasema ni rangi mpya inakomaa, itaacha. Nikamwamini, kwa sababu kweli rangi ya ekzosi hukomaa kwa moto wa injini yenyewe.

Aibu ilikuja pale pa kuoshea magari. Kijana kaelekeza mpira wa presha kwenye rimu ya mbele, rangi ikaanza kutoka vipande vipande kama maganda ya kitunguu, inaelea kwenye maji mbele ya watu wote. Chini yake kromu inang'aa, haijaguswa hata na msasa. Kijana akazima mashine, akaniambia taratibu, "Bro, hii ni rangi ya kopo." Watu wakacheka. Nikaomba kitambaa na petroli nikafuta rimu nzima, mbele na nyuma, natafuta muhuri. Hakuna DID, hakuna Japan. Rimu nyepesi za kopi. Injini ya CG ilinakiliwa sana China, vipuri vyake vimejaa Kariakoo, kwa hiyo kumbadilishia mtu ni kazi ya asubuhi moja. Hendeli siyo ile. Ekzosi siyo ile. Vitu vya marehemu baba yangu vimeuzwa!

Simu haipokelewi. Pale alipokuwa pana muuza chipsi. Nimechukua RB polisi, na nataka afungwe. Kujipatia mali kwa udanganyifu kupo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, miaka 7. Apewe yote saba, asipunguziwe hata siku! Na aliyenunua zile rimu akijua zimetoka wapi naye aingie ndani. Namba yake ya simu nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli, nyie pia mkitapeliwa tumeni, zifungiwe zote. Watu wa namna hii ndio wanaofanya mafundi waaminifu wakose kazi, halafu tunawachekea, tunasema "ndiyo mjini". Hapana. Afungwe.

Dalili, kwa haraka: hakuonyeshi oveni, kila siku ni "iko kwa mwenzangu". Lipa namba ilileta jina la mwanamke nisiyemjua. Risiti hatoi. Sampuli ni moja ile ile. Mkiacha vipuri vyenu popote pigeni picha za mihuri na muweke alama ya siri kwa panchi, na kabla ya kumalizia hela futeni kwa petroli pale pale, rangi ya kuokwa haitoki.

Anayetaka namba yake aje inboksi. Na walioko Kariakoo na Ilala, mkiona rimu ya DID Japan ya CG, ya nyuma, ina kovu la kuchomelea karibu na tundu la valvu, msiinunue, nipigieni. Hata ikiwa imeshapakwa rangi, lile kovu linashikika kwa kidole.