Faiba ya megabiti 20 kwenye nyumba ya matumbawe: uzoefu wangu Mji wa Kale

Laini yenyewe haina neno. Lawama zangu ni kwa ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti nyumbani, waliyonifungia watu wa kampuni na mahali walipoifunga. Nyaya za chini ya bahari zinazoleta intaneti Kenya zinatua hapa hapa Mombasa tangu 2009, lakini kinachoshinda ni zile mita sita za mwisho, kutoka sebuleni hadi chumba cha uani.

Tuanze na namba, maana ndipo watu wanapogombana bure na huduma kwa wateja. Kifurushi changu ni megabiti 20 kwa sekunde. Megabiti si megabaiti: baiti moja ni biti 8, kwa hivyo 20 ukigawanya kwa 8 unapata 2.5. Faili ikishuka kwa megabaiti 2.4 kwa sekunde, umepewa ulicholipia. Mimi hupima kwa waya, kompyuta imechomekwa kwenye ruta na simu zote zimetolewa kwenye waifai. Kwa njia hiyo napata 19 asubuhi, na 17 saa mbili usiku. Kwa waifai, chumba cha uani kilikuwa kinapata 3.

Shida ni ukuta. Mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita, tena yananyonya unyevu, na maji hula mawimbi ya redio. Ruta hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 5 yana kasi lakini hufia ukutani, ya 2.4 ni ya polepole ila hupenya zaidi. Fundi aliyapa yote jina moja, simu zikawa zinang'ang'ania 5 hata mstari ukibaki mmoja. Nimeyatenganisha majina, na 2.4 nimeiweka chaneli 1 (chaneli ni kama njia ya redio), upana wa megahezi 20. Chaneli zisizoingiliana hapo ni 1, 6 na 11, basi. Chagua ile ambayo majirani hawajaijaza.

Hiyo ilituliza tu. Dawa yenyewe ni waya hadi uani na ruta ya pili huko.

Waya nilionunua ni wa mtandao, aina ya Cat6, mita 18. Madukani kuna aina mbili ambazo kwa ganda huwezi kuzitofautisha: shaba tupu, na alumini iliyopakwa shaba. Menya ncha, kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukitokea weupe wa fedha, mrudishie mwenye duka. Alumini hukatika ukiikunja mara chache, na kwa hewa hii ya chumvi huanza kuoza pale kichwani, kwenye plagi ya mwisho wa waya. Kufunga kichwa, shika klipu iwe nyuma na meno yawe juu, kisha panga kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Panga hivyo hivyo pande zote mbili. Kasi ya gigabiti, yaani megabiti 1000, inataka nyuzi zote 8. Jozi ya kahawia isiposhika, mara nyingi mashine hushuka kimyakimya hadi megabiti 100.

Ruta ya pili itengeneze kabla hujaiunganisha na ya kwanza. Ingia kwenye ukurasa wake kwa kompyuta, uipe anwani ya IP (namba ya kukitambulisha kifaa kwenye mtandao) inayofuatana na ya ruta kubwa: yangu kubwa ni 192.168.100.1, hii nikaipa 192.168.100.2. Kisha zima DHCP. Huyo ni karani wa kugawa anwani, na nyumba yenye makarani wawili simu mbili zinaweza kupewa anwani moja, zikatane. Mwisho, waya utokao ruta kubwa uingie tundu la LAN, la vifaa vya nyumbani, si lile la WAN, la intaneti kutoka nje, lenye rangi yake peke yake. Ukiuchomeka WAN umeunda mtandao ndani ya mtandao: hata intaneti ikija, printa ya sebuleni haijitokezi kwenye kompyuta ya chumbani. Ukiona kompyuta ina anwani inayoanza na 169.254, ujue hakuna karani aliyeijibu. Kagua waya kwanza.

Uani sasa napata 18.

Kisanduku cha faiba, kinachopokea mwanga wa laini kabla ya ruta, ni kizuri, ila taa ya LOS ikiwa nyekundu, kuzima na kuwasha hakusaidii, maana mwanga haufiki. Kwangu fundi aliupitisha uzi wa faiba karibu na bawaba, mlango ukifungwa unaukunja na taa inawaka. Nikausogeza ukazunguka kona kwa upinde mpana, haijarudi tena.

Stima ikipotea, betri ndogo ya volti 12 inaendesha visanduku viwili, cha faiba na ruta kubwa. Ile 8800 mAh (kipimo cha chaji) iliyoandikwa juu yake isikudanganye. Inahesabiwa kwa volti 3.7 za seli, yaani wati-saa 32 hivi. Kila kisanduku kikila wati 6, tegemea saa mbili na kidogo.

Laini naipa nyota nne, ufungaji mbili. Na kama dirisha lako linatazama bahari, kila baada ya miezi mitatu chomoa vichwa vya waya vilivyo karibu nalo. Ukiona ukijani kwenye meno usisugue. Kata sentimita mbili, ubane kichwa kipya.