Usitie sahihi mguu ukiwa bado na chuma

Watu wa madai wa kampuni hii ya bima nawapa nyota moja, na hiyo moja ni ya mlinzi wa mlangoni aliyetushikia lifti.

Nilimsindikiza jirani yangu, mama aliyevunjika muundi akiwa abiria wa tuktuk iliyogongwa na matatu, hadi dawati la madai la kampuni iliyoikatia ile matatu bima, hapa Mombasa. Ilikuwa msimu wa mvua. Mama ana magongo mawili na bamba la chuma ndani ya mguu, na karani hakumpa kiti. Alichompa ni karatasi na kalamu. "Tia sahihi hapa, mama, Ijumaa pesa ziko kwa simu." Nilipoomba nakala tukaisome nyumbani, akajibu kwamba karatasi haitoki ofisini, na kuna watu wanazililia pesa hizo.

Karatasi yenyewe ndiyo ile wengi huiita dischaji, hati ya kufunga madai. Ina mistari michache, lakini mmoja wao unamaliza kila kitu: kwamba umepokea kiasi hicho kuwa malipo kamili na ya mwisho ya madai yote yanayotokana na ajali. Ukishaweka sahihi, hurudi tena kudai. Itabidi uthibitishe mahakamani kwamba ulidanganywa au ulilazimishwa, na hilo ni zito sana.

Waliandika Sh200,000 bila mchanganuo wowote. Sasa tazama chuma. Mfupa ukishaunga, bamba hilo likihitaji kutolewa ni operesheni nyingine kamili: ganzi au nusukaputi, chumba cha upasuaji, kulazwa, kliniki za baadaye. Daktari wake alikadiria Sh120,000 kwa kazi hiyo peke yake. Zinabaki Sh80,000 za maumivu, miezi ya kukaa bila biashara, nauli za kliniki na risiti zote za mwanzo. Karani alikuwa na picha ya eksirei mezani mwake. Chuma kinaonekana cheupe kabisa, hata mtoto angekiona.

Hapa ndipo watu wengi huumia mara ya pili. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, haitakuokoa kwenye jambo hili. Polisi hujaza sehemu yao, daktari hujaza yake na kuliweka jeraha katika daraja fulani, basi. Haisemi chuma kitatolewa lini wala kwa gharama gani. Unahitaji ripoti ya daktari iliyoandikwa kwa ajili ya madai, yenye mambo matatu: jeraha limepona kiasi gani, ulemavu wa kudumu ni asilimia ngapi, na matibabu yaliyobaki yatagharimu shilingi ngapi. Hilo la tatu likikosekana kwenye ripoti, na wakili asipolitaja kwenye hati ya madai, mahakama haitakupa. Gharama za mbele hudaiwa kwa jina lake, hazijifichi ndani ya fidia ya maumivu. Zile ulizokwisha lipa nazo huthibitishwa kwa risiti, moja moja. Risiti ya duka la dawa isiyo na jina lako hukataliwa upesi.

Asiye na hati ya mshahara asikate tamaa. Mama huyu huuza mahamri. Taarifa zake za M-Pesa za miezi kabla ya ajali zinaonyesha pesa ikiingia kila siku. Bila ushahidi kama huo, mahakama mara nyingi huangukia kima cha chini cha mshahara.

Abstrakti ya polisi, yaani karatasi ya muhtasari wa ajali, isomeni herufi kwa herufi kabla ya kuondoka kituoni: namba ya gari, jina la dereva, kampuni ya bima, namba ya cheti. Tarakimu moja ikikosewa, bima itasema gari hilo si lao. Mwenye gari mtafute kwenye kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa kuwa anayeshtakiwa ni mwenye gari na dereva, bima hailetwi mwanzo. Kampuni hupewa notisi ya kesi mapema, na hukumu ikitoka ndipo Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, inapoibana ilipe, hadi Sh3,000,000 kwa mtu mmoja. Notisi ikisahauliwa, unaweza kushinda kesi na ukabaki na karatasi tupu.

Na mazungumzo hayasimamishi saa. Madai ya jeraha la uzembe yana miaka 3 tangu siku ya ajali. Ikiwa aliyekugonga ni gari la serikali, ni miezi 12 tu. "Tunashughulikia faili yako" si kinga. Barua zao zenye maneno "bila kuathiri haki" huwezi hata kuzionyesha hakimu kama ushahidi kwamba walikubali. Madai yasiyozidi Sh1,000,000 yana Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yake ya 2016 inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Na wakili anayekwambia atachukua asilimia fulani ukishinda na asichukue kitu ukishindwa, jua mapatano hayo hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili.

Niwe mkweli sasa. Tuliporudi wiki kadhaa baadaye na ripoti mpya, tulikutana na afisa mwingine, dada mmoja mtulivu. Alimwamkia mama, akamvutia kiti, akapiga muhuri wa kupokea kwenye nakala yetu, akafungua mchanganuo mstari kwa mstari. Alimpangia miadi na daktari wao, jambo la kawaida ambalo usilikatae. Nenda na eksirei zako, akishaziona urudi nazo. Aliingiza gharama ya chuma bila ubishi. Alipunguza kitu kwa risiti mbili zisizosomeka, na alikuwa na haki. Kiasi kipya kilizidi mara mbili ya kile cha kwanza. Kwa kazi ya dada huyu ningewapa nyota nne.

Lakini kila nikiandika hiyo nne mkono unagoma. Faili ni ileile, eksirei ni ileile, kampuni ni ileile. Tofauti ni kwamba mara ya pili tulikuwa na karatasi. Siku ile ya kwanza, pale kwenye foleni nyuma yetu, palikuwa na kijana wa boda mkono ukiwa kwenye plasta, peke yake. Nilipogeuka mlangoni alikuwa ameshainama mezani, anaandika jina lake kwa mkono wa kushoto.

Nyota moja. Ibaki hivyo.