Dwarf Fortress na mazombi wake: mi naona tatizo sio nguvu zao

Kama unapenda gemu za kujenga na kusimamia ngome afu unataka na uchawi wa kufufua wafu humohumo, hii chukua, ila jiandae kisaikolojia. Mi nacheza hii ya Steam (lile duka la gemu la mtandaoni) iliyotoka Desemba 2022, yenye picha, maana ile ya bure iliyoanza 2006 ni herufi na alama tupu, macho yangu yaligoma kabisa.

Watu wengi wanalalamika mazombi wamepewa nguvu kupita kiasi. Mi hapo nabisha. Zombi akiwa peke yake ni wa kawaida, hasikii maumivu na hachoki, sawa, lakini vibeti, wale watu wafupi unaowasimamia ngomeni, wakiwa na mazoezi wanammaliza. Kasheshe iko kwenye maiti. Jeshi la kawaida likikuvamia kila anayekufa ndo kaondoka hivyo, ila mfufua wafu akija, yeyote anayeanguka, awe wako au wake, anaweza kusimama tena upande wake, ilimradi tu huyo mchawi aione maiti kwa macho. Kuna vita kibeti wangu wa shoka kamkata zombi mkono, pigo safi kabisa, yule mchawi kasimama kule nyuma wala hana haraka, kidogo tu ule mkono ukaanza kutambaa wenyewe ukamvaa kibeti miguuni. Nilicheka afu nikaacha kucheka.

Kwahiyo shoka na upanga hapa vinakuzalishia maadui, we beba nyundo na rungu, kwasababu mwili uliopondwapondwa haufufuki. Wafufuaji waliingia kwenye gemu 2012 na hii habari ya kuponda ikaja 2014, na kwangu ndo iliyofanya vita viwe vya haki. Maiti zilizobaki zitupe kwenye magma, ule uji wa mawe ya moto, au zilaze chini ya daraja la kunyanyua ulishushe, linasaga kila kitu kinapotea.

Sasa yale maeneo maovu, sehemu za dunia ya gemu zenye laana, ndo siyakubali. Baadhi yake hamna hata mchawi wa kumsaka, ardhi yenyewe inafufua, unachinja mnyama wako vizuri tu ngozi inaamka inaanza kupigana na mchinjaji. Ngozi jamani!! Ushindani gani huo sasa?

Na upande wako mambo yako rahisi mno. Kibeti wako akisoma kitabu chenye ile siri ya uhai na kifo naye anakuwa mfufuaji, hali, hanywi, halali, hazeeki. Bure tu. Mnyonya damu wa gemu hiihii angalau inabidi awanyonye wenzake wakiwa wamelala, hiyo ni bei na inakuletea shida ndani ya ngome, huyu msoma vitabu analipa nini? Wangempa hata kiu fulani hivi.

Uzuri unaweza kupunguza mwenyewe. Ukitengeneza dunia ingia kwenye mipangilio ya ndani, shusha idadi ya hizo siri za uchawi na ukubwa wa maeneo maovu, na ile historia gemu inayoitunga kabla hujaanza kucheza usiivute iwe ndefu sana, hawa watu hawazeeki kwahiyo kadiri miaka inavyokwenda ndo wanavyojazana na minara yao. Usiweke sifuri lakini, bila wao dunia inapoa. Nyota nne kati ya tano, ile moja nimeibania kwa ajili ya zile ngozi.