Toyota Sienta katika banda la gari la mita 2.45

Banda la gari la nyumbani kwetu Sinza, Dar es Salaam, lilijengwa wakati ambapo familia haikuwa na gari hata moja, na fundi aliyelijenga alikadiria upana wake kwa macho. Nilipolipima kwa futikamba nilipata mita 2.45 kutoka ukuta hadi ukuta na mita 4.90 kwa urefu, lakini upande mmoja wa geti kuna nguzo ya zege inayokula sentimita 25, hivyo nafasi halisi ya kupita ni mita 2.20. Ukuta wa upande wa pili ndio ukuta wa nyumba yenyewe, nao una mlango mdogo wa kuingilia jikoni. Naanza na vipimo hivi kwa sababu kusifu au kukosoa gari kwa ajili ya maegesho finyu bila kutaja ufinyu wenyewe hakumsaidii mtu.

Gari tulilokuwa nalo awali lilikuwa dogo, lenye milango minne ya bawaba na upana wa mita 1.695, na lilipita getini bila taabu yoyote. Taabu ilianza baada ya injini kuzimwa. Ukigawa nafasi iliyobaki, kila upande unapata sentimita 37 na ushei, na katika nafasi hiyo mlango wa bawaba hufunguka kiasi cha kupitisha mkono na bega, kisha ukingo wake unagonga ukuta. Mimi nilikuwa nikijipenyeza nje kwa ubavu. Mama yangu, mwenye magoti yanayomsumbua kwa miaka mingi, hakuweza, kwa hiyo ilikuwa lazima ashuke nje, uchochoroni, kabla sijaingiza gari. Kipindi cha kiangazi hilo linavumilika. Wakati wa masika, maji yanapotiririka katika uchochoro huo na kufunika nyayo, nilikuwa namtazama akishikilia ukuta kwa mkono mmoja na mwavuli kwa mkono mwingine huku mimi nimekaa mahali pakavu, na moyo uliniuma kila mara.

Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nitafute Sienta, toleo la kwanza, lile lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2003. Ni gari la siti saba, lenye injini ya lita 1.5, urefu wa karibu mita 4.10 na kimo cha mita 1.67. Upana wake ni mita 1.695, yaani uleule wa gari nililouza. Rafiki zangu walinishangaa kwa hilo: unabadilisha gari kwa sababu ya nafasi, halafu unanunua lenye upana uleule? Jibu langu lilikuwa kwamba kipimo cha upana kinachoandikwa kwenye matangazo ya magari ni cha gari likiwa limefunga milango, ilhali anayeishi na banda finyu anahitaji kujua gari linataka nafasi kiasi gani likiwa limefungua milango. Milango ya nyuma ya Sienta ni ya kuslaidi, pande zote mbili.

Inafaa kueleza kwa nini kipimo hicho cha mita 1.695 kinajirudia katika magari mengi yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam. Japani ina daraja la magari madogo ambayo hayaruhusiwi kuzidi upana wa mita 1.70, urefu wa mita 4.70 na kimo cha mita 2.00, na watengenezaji hutumia karibu kila milimita wanayoruhusiwa. IST ya kwanza ina upana huo, Noah ya miaka ya 2000 ina upana huo, na Sienta zenyewe, kuanzia ya 2003 hadi iliyotoka mwaka 2022, hazijaongezeka upana hata kidogo. Nchi hiyo pia, tangu sheria ya mwaka 1962, humtaka mnunuzi athibitishe kuwa ana mahali pa kuliweka gari, na mahali penyewe mara nyingi ni pafinyu kama kwetu. Linganisha na Harrier ya kizazi cha pili, yenye upana wa mita 1.845: katika banda langu ingeacha sentimita 60 tu kwa pande zote mbili kwa pamoja.

Nimelitumia gari hili kwa mwaka mmoja na nusu, na mlango wa kushoto wa nyuma ndio uliobadilisha maisha ya nyumba yetu. Naingia kinyumenyume, hivyo ubavu wa kushoto wa gari unakuwa upande wa nyumba. Nasogea hadi kubaki sentimita 20 kutoka ukuta wa nyumba, nafasi ambayo hapo zamani isingemtosha hata mtoto kushuka, na sentimita 55 zinazobaki upande wangu zinaniwezesha kufungua mlango wa dereva na kutoka bila kujikunja. Mlango wa kuslaidi hutoka nje kidogo tu kabla ya kurudi nyuma kwenye reli yake, na haujawahi kugusa ukuta. Unapofunguka wote, uwazi wake unatazamana na mlango wa jikoni. Sakafu ya gari iko chini, na kizingiti cha jikoni kimeinuliwa, kwa hiyo mama anashika mpini ulio juu ya mlango, anatoa mguu mmoja nje ya gari, na mguu huo unatua ndani ya nyumba. Siku ya kwanza kufanya hivyo mvua ilikuwa ikinyesha kwa nguvu. Alisimama jikoni, akajigusa mabega na khanga yake, akasema, "Mwanangu, leo nimeingia mkavu." Mke wangu aliyekuwa akipika alizima jiko akaja kumkumbatia.

Hata hivyo, ulinganifu huo wa mlango kwa mlango haukuja wenyewe. Tulifungua mlango wa gari, tukasukuma gari taratibu hadi uwazi ukalingana na kizingiti, kisha tukachora sakafuni kwa chaki mahali yalipoishia magurudumu ya nyuma. Fundi ujenzi akamwaga hapo tuta dogo la zege la kuyazuia. Pia tulichora mstari mweupe wa rangi unaofuata gurudumu la nyuma la upande wa dereva. Mstari huu ni muhimu kuliko unavyoonekana, kwa sababu vioo vya pembeni huongeza karibu kiganja kizima kila upande, na katika zile sentimita 20 kioo cha kushoto hakina pa kupita kikiwa wazi. Vioo viko mbele, hivyo navitumia kwa sehemu kubwa ya safari ya kurudi nyuma. Vinapokaribia geti navikunja kwa kitufe, nashusha dirisha, natoa kichwa nje na kumalizia mita ya mwisho nikitazama mstari.

Kwa yeyote anayeingiza gari kwa mbele katika banda la namna hii, nashauri ajaribu kinyumenyume kabla ya kufikiria kubomoa. Magurudumu yanayogeuka ni ya mbele; ukiingia kwa mbele huku unakata kona, magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani zaidi, na mlango wa nyuma ndio unaokwenda kukwaruza nguzo. Gari letu la zamani lilipata mchubuko wake mahali hapo hasa. Ukirudi nyuma, sehemu ya nyuma huingia kwanza pale unapoielekeza, kisha pua ya gari hufuata.

Kuhusu vifaa vya kusaidia kuegesha, nilinunua sensa nne za bampa la nyuma, yaani vitambuzi vinavyolia gari linapokaribia kitu, katika duka moja la vipuri, na kijana aliyezifunga alitoboa bampa chini mno, kiasi kwamba zililia kila zilipoliona tuta la zege na hata sakafu yenyewe. Nililazimika kulipa mara ya pili kwa fundi mwingine, aliyezipandisha hadi karibu nusu mita kutoka ardhini. Sasa zinafanya kazi, lakini katika banda lenye kuta karibu hivi zile mbili za pembeni hulia mfululizo, na kelele ya mfululizo haimwelezi dereva chochote. Nisingezinunua tena. Kilichonifaa zaidi ni godoro kuukuu la sponji, nililolikata vipande vya upana wa sentimita 15 na kuvipigilia ukutani usawa wa mlango wa dereva. Siku ambayo upepo au haraka inausukuma mlango, unatua kwenye sponji.

Upungufu wa mpango huu upo, na mnunuzi aufahamu. Mlango wa buti hunyanyuka kwenda juu na kutaka nafasi nyuma ya gari, na kwa kuwa nyuma yangu ni ukuta, buti halifunguki ndani ya banda. Gunia la mchele na mtungi wa gesi lazima vishushwe nje kwanza, au vipitishwe kwenye mlango wa kuslaidi baada ya kukunja siti. Kuingia kinyumenyume pia hulielekeza bomba la moshi ndani, karibu na jikoni, na moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua. Nimejiwekea sharti la kuzima injini gurudumu likigusa tu tuta, mlango wa jikoni ukiwa bado umefungwa, na asubuhi siwashi gari kabla ya kufungua geti lote. Reli ya mlango nayo huhitaji kufutwa vumbi na mchanga mara kwa mara. Mtoto anayejifunza kuufungua afundishwe kuweka mikono mbali na nyuma ya mlango.

Kama banda lako lina kati ya mita 2.40 na 2.60, na nyumbani kuna mzee, mgonjwa au mtoto mchanga wa kubebwa, nalipendekeza gari hili bila kusita. Likiwa na mita 2.20 au chini ya hapo, Sienta itakubana, na ni heri kutazama Suzuki Every, ndugu wa zile kirikuu, vigari vidogo vya mizigo, ambayo ina milango ya kuslaidi na upana usiofikia mita 1.48, ingawa injini yake ya sentimita za ujazo 660 haitakufurahisha katika safari ndefu. Ukiwa na zaidi ya mita 2.80, chagua gari kwa vigezo vingine.

Kwetu imebaki kazi moja. Mafundi wawili wameiangalia ile nguzo ya zege na wote wamesema inaweza kusogezwa nje ya mstari wa ukuta bila kugusa boriti ya juu. Tutaianza masika yakiisha, na hadi wakati huo nimeizungushia kipande cha mwisho cha godoro.