Walituuzia ukarimu wa Wapamiri, kisha wakaukanyaga na viatu

Nimekaa na jambo hili muda mrefu nikisubiri hasira zipoe. Hazijapoa. Juzi nimeona kampuni iliyotupeleka kuendesha baiskeli kwenye milima ya Pamir, kule Tajikistan, inatangaza tena safari ileile kwa ahadi zilezile: mtakula na wenyeji, mtalala kwa wenyeji, mtaonja ukarimu ambao hamjawahi kuuona. Basi na mimi niseme nilichokiona.

Urefu wa njia, ratiba, aina ya baiskeli wanazotoa, yote mtayakuta kwenye matangazo yao. Siyarudii. Baiskeli yenyewe ilikuwa nzuri, hema nzuri, chakula cha njiani hakikuwa na shida. Kilichonichoma ni mchana mmoja tu katika bonde la Wakhan, na mtu mmoja, kiongozi wa msafara.

Mnaoijua barabara ya kutoka Ishkashim kuelekea Langar mtanielewa. Inafuata mto Panj, na ng'ambo ya mto ni Afghanistan, karibu kiasi kwamba unawaona watu wakivuna ngano na watoto wakiswaga punda. Kuna vipande vya mchanga ambapo unashuka na kusukuma, halafu vinakuja vipande vya vijituta vilivyopangana kama bati, maili nzima, mikono inakufa ganzi. Hapo ndipo gurudumu langu la nyuma lilipokata spoki, moja kisha nyingine papo hapo, upande wa gia. Ukikata spoki upande huo huwezi kuibadilisha mpaka uitoe seti nzima ya gia, na hiyo ina spana yake. Spana ilikuwa kwenye gari la msaada. Gari la msaada lilikuwa limeshatangulia mbele kwa amri ya kiongozi, kwa sababu alitaka kuwahi kupanga vyumba. Mtandao wa simu hakuna. Tumelipia gari la msaada, na siku linapohitajika halipo. Hilo peke yake lingetosha kuandikiwa malalamiko.

Lakini hapo ndipo yalipoanza mazuri ya safari nzima.

Mzee mmoja alitoka shambani, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akanionyesha nyumba yake. Hakuuliza natoka wapi. Alishika baiskeli kwa nyuma, akainyanyua lile gurudumu lililopinda lisiguse chini, tukaenda hivyo hadi mlangoni. Ndani ilikuwa nyumba ya Kipamiri kamili: nguzo tano, ambazo kwao ni Mtume Muhammad, Ali, Fatima, Hasan na Husein, na juu dari lenye miraba minne ya mbao iliyopandana, kila mraba mdogo kuliko ulio chini yake, hadi kwenye tundu linaloingiza mwanga. Ukutani picha ya Aga Khan, maana watu wa kule ni Waismailia. Nikavua viatu, nikakalishwa juu ya magodoro membamba yanayotandikwa kuzunguka chumba, mahali pa heshima, mbali na mlango. Kitambaa cha chakula kikatandikwa sakafuni, ukaletwa mkate, aprikoti kavu, na chai ya maziwa yenye chumvi na siagi ambayo unamegea mkate ndani yake. Nilikuwa na njaa na baridi ya jasho. Sijawahi kunywa kitu kikanifikia hivyo.

Bibi mwenye nyumba alikuwa akimimina chai kidogo kidogo kwenye bakuli. Mjukuu wake, binti anayesoma mji wa Khorog na anayezungumza Kiingereza kizuri, akanieleza kwamba bakuli halijazwi kwa makusudi, ili mgeni aendelee kuomba na aendelee kukaa. Mkate nao haugeuzwi juu chini, na hauachwi ukanyagwe hata chembe. Mzee, kupitia kwa binti, akasimulia miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1992 hadi 1997, jinsi Pamir ilivyokatika na mji mkuu, Dushanbe, unga ukawa unafika kwa malori kutokea mji wa Osh, upande wa Kirgizia, kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan. Alisema waliokuwa watu wazima wakati ule hawatupi mkate hadi leo. Naomba mkumbuke maneno hayo mnapoendelea kusoma.

Wakati huo jirani alishakuja na koleo na spana ndogo ya spoki. Hakuwa na spoki mpya. Alilegeza za upande wa pili zilizo jirani na zilizokatika, akakaza za upande uleule wa gia, akazungusha, akatazama kwa jicho moja, akarudia, hadi rimu ikaacha kugusa breki. Fundi kamili. Nilipomuuliza alijifunzia wapi akacheka tu na kunioneshea barabara, maana waendesha baiskeli wa dunia nzima wanapita pale kila kiangazi, na barabara haimwachi mtu salama.

Ndipo kiongozi wetu akarudi na gari.

Alipiga honi nje. Watoto wakatoka. Akapiga tena. Halafu akaingia ndani na viatu vyake, na vumbi lote la barabara, akakanyaga godoro walilokalia wenye nyumba. Mzee alisimama, mkono kifuani, akamkaribisha. Bibi akamwekea bakuli la chai. Yule mtu hakulitazama. Aliniambia mimi, kwa sauti ya kumgombeza mtoto, kwamba nimewachelewesha wenzangu na kwamba kusimama kwenye nyumba za watu hakumo kwenye ratiba. Kisha akachomoa noti za somoni, fedha ya kule, mfukoni, hata hakuhesabu, akazitupa juu ya kitambaa. Zikaangukia juu ya mkate.

Chumba kizima kilinyamaza. Yule binti, aliyekuwa akitafsiri kila neno kwa furaha, aliacha kutafsiri. Bibi aliziokota noti moja moja, akaupangusa mkate kwa kiganja, akauweka upande wake. Hela akampa mjukuu, mjukuu akanirudishia mimi mkononi. Nililia kwa aibu kwenye gari, na sioni haya kusema.

Sasa kuna watakaosema: si alitoa hela, mnataka nini zaidi? Nawajibu. Pesa si tusi. Familia nyingi za Wakhan, Murghab na Karakul zinapokea wageni kwa malipo na zinafanya vizuri kabisa. Wanaume wengi wako Urusi wanatafuta riziki, na mgeni anayelala usiku mmoja anaacha kitu cha maana nyumbani. Mimi nililipa kila nilipolala, nililipa kwa moyo mmoja, na kila mtu alipe. Kuna mlango wa mgeni anayelipa na kuna mlango wa msafiri aliyekwama, na watu wale wanajua kabisa wamekufungulia upi. Ukitaka kurudisha fadhila ya mlango wa pili unaleta sukari, unaleta chai, unampa mtoto kalamu za shule, unampa mzee kwa mikono miwili kabla hujaondoka. Hutupi noti juu ya mkate wa watu waliowahi kuusubiri kwa malori.

Na kwenye malipo yenyewe, ambako kampuni ilipaswa kuwa wakarimu, ndiko walikobana. Langar nilimsikia kiongozi yuleyule akivutana na mama mwenye nyumba juu ya kifungua kinywa, eti bei waliyokubaliana ilijumuisha mayai. Mayai! Sisi tumelipa fedha za kutosha kununua kuku wa kijiji kizima, na mtu anamkatia mama yule bei ya mayai.

Haki itendeke lakini. Tulipopanda kuelekea kipito cha mlima cha Khargush, mita 4,344, mwenzetu mmoja alianza kutapika, kichwa kinampasuka, anayumba. Kiongozi hakubishana wala hakusubiri asubuhi. Alimpakia kwenye gari na kumshusha hadi Langar jioni ileile, akakaa naye usiku kucha. Ugonjwa wa miinuko unaua watu kwa uzembe, na yeye hakufanya uzembe. Kwa hilo nilimheshimu. Siku zile mbili tatu nilianza kujiambia pengine mchana ule alikuwa na wasiwasi wake, pengine alikuwa anafikiria vizuizi vya ukaguzi, vibali vyetu vya kuingia Badakhshan, mkoa wenye Pamir, giza. Nilikuwa tayari kumpa nyota nne, kweli.

Na kuna dereva. Mpamiri wa Khorog. Siku ile, kiongozi alipotoka nje kwa hasira, dereva alibaki. Alivua viatu mlangoni, akaketi, akanywa lile bakuli la chai lililokataliwa, akala kipande cha mkate uleule, akainua mikono usoni pamoja nao kwa dua ya baada ya chakula. Akazungumza na mzee kwa upole muda mrefu. Sikuelewa neno hata moja, ila niliona mabega ya mzee yakishuka. Njiani dereva huyo alitusimamishia gari kila mahali ambapo kiongozi alisema tusisimame. Kwenye mahema ya Wakirgizi huko juu, baada ya Murghab, tulikunywa maziwa mgando na kula siagi mbichi na mkate kwa sababu yake yeye. Kila kitu nilichofurahia kwenye safari hii nilikipata kwa dereva au kwa watu wa njiani, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye ratiba.

Niliporudi niliwaandikia kampuni. Sikuomba kurudishiwa hela. Niliomba jambo moja: safari inayofuata wapite kwenye ile nyumba, waombe radhi kwa mzee na bibi yule. Jibu lilichelewa sana, na lilipokuja lilisema kwamba mialiko ya wenyeji nje ya nyumba walizokubaliana nazo si sehemu ya huduma yao, na kwamba mimi ndiye niliyeacha msafara. Niliacha msafara! Msafara ulioniacha barabarani na gurudumu limepinda, na gari lenye spana limekwenda kutafuta vyumba.

Kama ukarimu wa wenyeji si sehemu ya huduma, uondoeni kwenye tangazo. Msiweke picha ya bibi anayemimina chai.

Ushauri wangu kwa anayetaka kwenda: nendeni, Wakhan msiikose. Fikeni Khorog wenyewe, tafuteni dereva wa pale pale kama mnahitaji gari, beba spoki za akiba za saizi ya rimu yako na kifaa cha kutolea gia, na msimruhusu mtu yeyote kutangulia navyo. Laleni kwenye nyumba za wageni na mlipe wenye nyumba mkononi. Mkiitwa na mtu kutoka shambani, simameni.

Nilisema nyota nne, nikashuka tatu nilipokumbuka mayai. Baada ya kulisoma upya lile jibu lao naweka mbili, na zote ni za dereva. Kampuni haina hata moja.